Vidogo Vitawalavyo Sauti ya Fidla

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwandishi wa makala haya aliionja methali hiyo akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Alinunua fidla ya bei nafuu katika duka mojawapo la mjini, akaipeleka kwenye chumba cha mazoezi kwa furaha ya bwana harusi. Furaha hiyo haikudumu. Kila alipovuta uta, ala ilikwaruza kama mlango wenye bawaba za kutu. Uzi wa kwanza ulipiga mayowe ilhali wa nne ulinung'unika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kwa muhula mzima alijilaumu, akazidisha saa za mazoezi, na wenzake wakamshauri kwa nia njema kwamba huenda Mola hakumjalia kipaji cha ala hiyo.

Alikuwa amekwisha kukata shauri kuiuza pale mwalimu wake wa muziki alipomwomba aiache mezani. Mwalimu alifuta unga mweupe uliogandamana juu ya nyuzi. Alikiondoa kipira kilichokuwa kikigusa daraja. Kisha, akilegeza uzi mmoja baada ya mwingine, aling'oa vyuma vitatu kati ya vinne vilivyokuwa vimefungwa mkiani. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. "Haya, mwanangu, piga sasa," akasema. Sauti iliyotoka haikuwa ya ala za kifalme, lakini ilikuwa sauti ya fidla. Aliyehukumiwa kuwa hana kipaji alikuwa ameshindana kwa miezi mitatu na gramu chache za chuma na unga.

Makala haya yananuia kueleza jinsi vifaa vidogo vinavyofungwa, kupakwa au kuchomekwa kwenye nyuzi za fidla vinavyobadilisha sauti yake. Hoja kuu ni moja: kila kigusacho uzi au daraja huiongezea sauti kitu au huipokonya kitu. Kifaa hufanya hivyo kwa njia tatu, yaani kwa msuguano, kwa uzito au kwa urefu. Anayejua njia inayotumiwa na kifaa fulani anaweza kukisia athari yake kabla ya kutoa hata shilingi moja mfukoni.

Fidla na Istilahi Zake

Baadhi ya wasomaji watauliza iwapo fidla ni mada ya kujadiliwa kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba fidla si mgeni kwetu. Katika taarabu ya Unguja, Mombasa na Lamu, fidla imekaa bega kwa bega na udi, kanuni na nai kwa muda mrefu. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na katika vikundi vikubwa vilivyofuata mtindo wa Misri, safu ya fidla ndiyo iliyobeba mzigo wa wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Huku bara nako, Wajaluo wana orutu na Wakikuyu wana wandindi, ala za uzi mmoja zinazopigwa kwa uta vilevile. Kanuni nyingi tutakazozieleza hapa, hasa ile ya msuguano, zinazihusu ala hizo pia.

Kuhusu istilahi, tutatumia maneno ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Nyuzi nne za fidla hufungwa juu kwenye vigingi, hupita juu ya kizingiti kidogo shingoni, hupanda juu ya daraja lililosimama katikati ya tumbo la ala, na hatimaye hushikwa na kipande cha mti kiitwacho mkia. Uzi mwembamba kuliko wote ndio wa kwanza, na mnene kuliko wote ndio wa nne. Kipigio chenye singa za farasi tutakiita uta.

Safari ya Sauti

Kabla ya kuvihukumu vifaa, sharti tuifuate sauti hatua kwa hatua. Uzi peke yake hausikiki. Ni mwembamba mno, hupita hewani kama wembe bila kuisukuma hewa ya kutosha. Ili usikike, mtetemo wake lazima uhamishiwe kwenye ubao mpana unaoweza kuisukuma hewa. Mhamishaji huyo ni daraja, kipande cha mti wa mepo chenye uzito wa gramu 2 hivi. Uzi unapotetemeka, daraja huyumba kulia na kushoto. Mguu wake wa kushoto husimama juu ya boriti iliyogundishwa ndani ya tumbo, na mguu wa kulia husimama karibu na kinguzo kidogo kilichobanwa kati ya tumbo na mgongo wa ala. Waitaliano wamekiita kinguzo hicho anima, yaani roho, na kikianguka, fidla hupoteza nguvu zake papo hapo.

Uzi nao hautetemeki kwa namna moja tu. Uzi wa pili, ambao kwa kawaida hulinganishwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, hutoa pia mitetemo 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Masikio yetu huisikia ile ya kwanza kama noti yenyewe, na zile za juu huzisikia kama rangi ya sauti: ukali, ulaini, mng'ao au uzito wake. Hii ndiyo sababu fidla na nai zinaweza kupiga noti ile ile na bado mtoto mdogo akazitofautisha. Vifaa vidogo havibadilishi noti, hubadilisha rangi. Huziruhusu sauti za juu zipite au huzizuia mlangoni. Mlango wenyewe ni daraja.

Msuguano: Ulimbo wa Uta

Tuanze na kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Singa za farasi zikipitishwa kavu juu ya uzi, huteleza bila kutoa sauti ya maana. Ni lazima zipakwe ulimbo, ambao ni masazo ya utomvu wa msonobari baada ya mafuta ya tapentaini kuondolewa kwa moto. Katika lugha kadhaa za Ulaya ulimbo huu huitwa kolofonia, jina lililotokana na Kolofoni, mji wa kale wa Wayunani uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Usichanganywe na sandarusi, ambayo katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi.

Kazi ya ulimbo ni kuupa uta tabia mbili zinazopingana: kushika na kuachilia. Singa huushika uzi na kuuvuta upande mmoja. Mvuto unapozidi, uzi huponyoka na kurudi kwa kasi, kisha hushikwa tena. Kwenye uzi wa pili jambo hili hutokea mara 440 kila sekunde. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyeeleza umbo la mwendo huu katika miaka ya 1860, na hadi leo mwendo huo hujulikana kwa jina lake. Ulimbo ukiwa haba, uzi huponyoka kabla ya wakati na sauti huwa nyembamba yenye kupepesuka. Ukizidi, singa hung'ang'ania, na kila noti huanza kwa mkwaruzo.

Kwa jumla, ulimbo wa rangi ya kaharabu hafifu huwa mgumu na mkavu zaidi, na ule mweusi huwa laini na wenye kunata. Mpigaji wa Mombasa, palipo na joto na unyevu, hufaidika na ule mgumu, kwa sababu ulimbo hulainika kwa joto. Mpigaji wa Limuru wakati wa baridi ya Julai anaweza kupendelea ule laini. Hata hivyo, kosa la wanafunzi wengi haliko katika aina bali katika kiasi. Mivuto mitatu au minne ya uta juu ya ulimbo hutosha kwa kipindi cha mazoezi. Fauka ya hayo, unga unaomwagika juu ya nyuzi lazima ufutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Unga huo ukigandamana huufanya uzi kuwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, nao uzi usio sawa hautoi sauti safi. Ukiachwa juu ya tumbo la fidla, hushikamana na vanishi na kuiharibu.

Nyuzi Zenyewe

Ingawa makala haya yanahusu vifaa vya nyuzi, hatuwezi kuzipita nyuzi zenyewe kimyakimya, kwa maana vifaa vingi vilibuniwa ili kutibu kasoro za aina fulani ya uzi. Kwa karne nyingi nyuzi zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, wala si wa paka kama wengi wadhanivyo. Katika miaka ya 1660 zilianza kutokea nyuzi za utumbo zilizozungushiwa waya mwembamba wa madini, na hivyo uzi wa nne ukaweza kuwa mzito bila kuwa mnene kama kamba. Mwanzoni mwa karne ya 20, uzi wa kwanza wa chuma cha pua ulichukua nafasi ya ule wa utumbo, ambao ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Mwaka 1970, kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ilitoa nyuzi ziitwazo Dominant, zenye kiini cha nailoni ya aina maalumu. Kiini hicho hukaribia ulaini wa utumbo bila kunywa unyevu wa hewa kama utumbo unywavyo.

Tofauti hizi zina matokeo makubwa. Uzi wa utumbo una sauti nzito na pana, lakini hulegea na kukaza kila hali ya hewa inapobadilika. Uzi wa chuma hutulia, huitika upesi na hudumu, lakini sauti zake za juu ni kali. Uzi wa nailoni hukaa katikati. Fidla za bei nafuu aghalabu huja na nyuzi za chuma tupu, na hapo ndipo mlolongo wa vifaa vingine unapoanza.

Uzito juu ya Daraja: Kififisha Sauti

Kifaa kinachoonyesha wazi nguvu ya uzito ni kififisha sauti, kile ambacho wanamuziki hukiita sordino kwa Kiitaliano. Ni kipande kidogo cha mpingo, mpira au chuma kinachochomekwa juu ya daraja. Watunzi wamekitumia kwa zaidi ya miaka 300. Jean-Baptiste Lully aliagiza kitumiwe katika opera yake Armide iliyochezwa Paris mwaka 1686. Katika karatasi za muziki, maneno con sordino humwamuru mpigaji akichomeke, na senza sordino humwamuru akiondoe.

Wengi hudhani kwamba kififisha sauti hupunguza sauti tu, kama mtu anayepunguza redio. Sivyo. Hubadilisha rangi yake zaidi kuliko kiasi chake. Mfano utatusaidia. Mchukue mchezaji hodari wa chakacha, umbebeshe gunia la mahindi. Hatua za polepole atazimudu, lakini kiuno hakitaweza tena kukatika kwa kasi ya ngoma. Daraja lililoongezewa uzito huwa vivyo hivyo. Mitetemo ya taratibu, yaani sauti za chini, huendelea kupita, ilhali ile ya kasi, yaani sauti za juu zitoazo mng'ao, hukwama. Daraja la fidla huitikia kwa nguvu zaidi karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, na sehemu hiyo ndiyo inayoipa fidla ukali wa kusikika mbali. Gramu moja au mbili za ziada huushusha mwitiko huo, na sauti hugeuka kuwa ya ndani, ya kunong'ona, yenye huzuni.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili bila gharama. Atwae kibanio cha nguo, akibane taratibu juu ya daraja bila kugusa nyuzi, kisha apige noti ile ile kabla na baada. Atasikia mlango ukifungwa. Vipo pia vififisha vizito vya chuma, vyenye gramu makumi kadhaa, ambavyo hutumiwa mabwenini ili jirani asikoseshwe usingizi. Hivyo ni vyema kwa mazoezi ya vidole, lakini anayevitumia kila siku hupoteza mazoea ya kuisikia sauti yake halisi na huanza kuukandamiza uta bila kujua.

Ipo hatari nyingine isiyojulikana sana. Kififisha cha mpira huachwa kikining'inia kwenye nyuzi kati ya daraja na mkia wakati hakitumiki. Kikisogea hadi kugusa daraja, huanza kazi bila kuamriwa. Kikilegea, hutetemeka na kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Kipira kilichoondolewa na mwalimu katika kisa chetu kilikuwa na kosa la kwanza.

Uzito na Urefu: Vyuma vya Mkiani

Sasa tufike kwenye vyuma vyenyewe. Uzi wa chuma una udhia wake: kigingi kikizungushwa kiasi cha upana wa unywele, noti huruka mbali. Kwa sababu hiyo, mafundi walibuni skrubu ndogo inayofungwa mkiani ili kurekebisha noti kwa upole. Kwa uzi wa kwanza skrubu hiyo ni ya lazima, na hata wapigaji mashuhuri huitumia. Tatizo hutokea pale fidla ya mwanafunzi inapofungwa skrubu nne za chuma kizito juu ya mkia wa mti.

Athari ya kwanza ni uzito. Mkia haukufungwa kwa gundi. Unaning'inia kati ya nyuzi na kamba fupi inayouzungukia mpini ulio chini ya ala, na hutetemeka pamoja na fidla nzima. Skrubu nne za chuma zikijumlishwa, uzito wake hukaribia uzito wa mkia wenyewe. Mkia ulioelemewa huitikia kwa uvivu.

Athari ya pili ni urefu, na hii ndiyo isiyofikiriwa na wengi. Kipande cha uzi kilicho kati ya daraja na mkia hakipigwi kwa uta, lakini nacho hutetemeka. Mafundi wana desturi ya kukiacha kiwe sehemu moja ya sita ya urefu wa uzi upigwao. Katika fidla ya mtu mzima, uzi upigwao una milimita 328 hivi, na kwa hiyo kipande hicho kinapaswa kuwa na milimita 54 au 55. Kwa uzi wenye mvuto na unene sawa, urefu wa moja ya sita hutoa mitetemo mara sita zaidi, nayo ni mojawapo ya zile sauti za juu tulizozitaja, inayokaa oktava mbili na sol moja juu ya uzi mtupu. Hivyo kipande kisichopigwa huitikia uzi unapolia, mfano wa waitikiaji katika ngoma. Skrubu za kawaida huushika uzi mbele ya mkia, zikakifupisha kipande hicho kwa milimita kadhaa. Waitikiaji huimba noti nyingine au hunyamaza kabisa.

Je, tuzing'oe zote? La hasha. Anayezing'oa huku akibaki na nyuzi za chuma na vigingi vinavyoteleza atakuwa ameruka mkojo na kukanyaga kinyesi, kwani hataweza kuirekebisha ala yake. Njia ya busara ni kubakiza skrubu ya uzi wa kwanza, kuzibadilisha nyuzi tatu zilizosalia ziwe za kiini cha nailoni fedha zikipatikana, na kuvitengeneza vigingi. Kigingi kinachoteleza hupakwa chaki kidogo, na kinachokwama hupakwa sabuni kavu. Mwenye vidole visivyo na nguvu, au mwalimu wa watoto wengi, anaweza kutafuta mkia mwepesi uliotengenezwa pamoja na skrubu zake. Mkia wa aina hiyo hauli urefu wa uzi. Na yeyote anayefanya kazi hii akumbuke kulegeza uzi mmoja tu kwa wakati. Nyuzi nne kwa pamoja huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20 hadi 25, na nguvu hiyo ndiyo inayolishikilia daraja na kuisaidia roho ya ala isianguke.

Mrija na Kipande cha Ngozi

Uzi wa kwanza wa chuma una unene wa takriban robo ya milimita. Ukikazwa, hulikata daraja kama waya ukatavyo sabuni. Ndiyo maana nyuzi nyingi za aina hiyo huuzwa zikiwa zimevishwa kimrija cha plastiki. Wanunuzi wengine hukiona wakakitupa, na wengine hawajui mahali pake wakakiacha kikielea katikati ya uzi, kikavuma. Mahali pake ni juu ya daraja, kati ya uzi na mti.

Kimrija hiki hulilinda daraja, lakini hulipisha kodi. Plastiki laini hunyonya sehemu ya sauti za juu kabla hazijaingia mlangoni. Kwa uzi unaopiga mayowe, kodi hiyo ni baraka. Kwa fidla yenye sauti iliyozibika tangu awali, ni hasara juu ya hasara. Mafundi wengi hupendelea kugundisha kipande chembamba cha ngozi juu ya daraja mahali uzi unapopita, kwani hulinda bila kufifisha sana. Palipo na ngozi, kimrija hakihitajiki. Kuviweka vyote viwili ni kuvaa makoti mawili adhuhuri.

Katika mifereji ambamo nyuzi hupita, juu ya daraja na juu ya kizingiti cha shingoni, inafaa kuchora mara chache kwa penseli ya kawaida. Risasi ya penseli hulainisha njia. Uzi unapokazwa huteleza badala ya kulivuta daraja lielekee mbele. Daraja lililoinama halisimami sawasawa kwa miguu yake miwili, na hatimaye hupinda au kuanguka.

Kumfuga Mbwamwitu

Wapo wanaokutana na noti moja inayotikisika na kukoroma hata wakipiga kwa ustadi gani. Kwa lugha ya mafundi, huyo ni mbwamwitu. Hutokea pale noti inapolingana mno na mtetemo mkubwa wa mwili wa ala. Tumbo hunyang'anya nguvu za uzi kwa kasi kuliko uta unavyoweza kuzirudisha, na uzi na mwili huanza kusukumana. Ugonjwa huu huwapata zaidi wapigaji wa selo, ingawa katika fidla nao huonekana juu sana kwenye uzi wa nne.

Tiba yake ni kimrija kidogo cha shaba chenye mpira ndani, kinachofungwa kwenye uzi kati ya daraja na mkia. Kikisogezwa polepole hadi mahali panapofaa, kipande hicho cha uzi huitikia noti ile ile ya mbwamwitu na kula sehemu ya nguvu zake. Hapa tunaona kitu cha ajabu. Uzito ule ule ambao mkiani ulikuwa adui, ukiwekwa mahali palipopimwa huwa tabibu. Mbwamwitu hajauawa, amefugwa tu, na ala zingine hulipa kwa kupoteza uchangamfu wa noti za jirani.

Sikio na Bei

Ni vyema tujihadhari. Vifaa hivi vina wafanyabiashara wake, nao huahidi kwamba mkia wa mti fulani au ulimbo wenye chembe za dhahabu utaigeuza fidla ya kawaida kuwa ya Cremona. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Marekani, watafiti waliwapa wapigaji stadi 21 fidla sita wazijaribu huku wamevaa miwani ya giza: tatu mpya na tatu za kale, mbili kati ya hizo za kale zikiwa za Antonio Stradivari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wengi wao walipendelea ala mpya, na hawakuweza kuzitambua za kale kwa uhakika. Ikiwa masikio ya wapigaji hao yaliweza kuachana na sifa za jina mara macho yalipofunikwa, sisi wanafunzi hatuna budi kuupima ushauri wa muuza duka.

Njia ya kupima ni rahisi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Piga kipande kile kile, katika chumba kile kile, kabla na baada. Mwombe mwenzako asikilize akiwa amekupa kisogo. Na anza na visivyogharimu: kitambaa cha kufutia, penseli, chaki, mahali pa kipira, urefu wa kipande cha nyuma ya daraja. Iwapo kasoro itabaki baada ya hayo, nunua nyuzi. Fidla nyingine iwe shauri la mwisho.

Vilevile tusisahau hali ya hewa. Fidla inayosafirishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,600 na kuacha unyevu mwingi nyuma yake. Mti husinyaa na vigingi huanza kuteleza. Irudishwapo pwani, vigingi hufura na kukwama. Anayejua hili hataitilia ala yake shaka kila aendapo likizo.

Hitimisho

Tumeona kwamba ulimbo hutawala sauti kwa msuguano, kififisha sauti na vyuma vya mkiani kwa uzito, na mpangilio wa mkia kwa urefu. Tumeona pia kwamba kifaa hakiwi kizuri wala kibaya kwa jina lake, bali kwa mahali kilipo na kazi kinachoifanya. Hata zile fidla za kale za Italia zinazosifiwa duniani hupigwa leo zikiwa na nyuzi, madaraja na mikia iliyowekwa na mafundi wa baadaye. Kama Stradivari mwenyewe hakuachwa bila kurekebishiwa vidogo hivi, seuze fidla ya dukani?

Jambo la mwisho linawahusu wapenzi wa Kiswahili hasa. Mwandishi alipokuwa akihangaika na ala yake, hakukosa vitabu maktabani. Alichokosa ni maelezo katika lugha anayoiwazia. Maneno yaliyotuvusha hadi hapa, yaani ulimbo, daraja, mkia, kigingi, kizingiti, roho, mengi ni ya nyumbani na ya jikoni, wala hayakuhitaji kuundwa upya. Wapo wapigaji wa taarabu na mafundi wa orutu wenye maneno bora zaidi kuliko haya, na ni wajibu wetu kuwaendea, kuwasikiliza na kuyaandika kabla hayajapotea pamoja nao.

Kwa sasa, ewe mwenzangu unayekusudia kuiuza fidla yako kwa kuwa umeambiwa huna kipaji, subiri kidogo. Ifute vumbi, itazame mkia wake, ulize uzito upo wapi. Huenda hukumu uliyopewa ilikuwa ya gramu chache za chuma.